HESABU YA WASIO NA KAZI NA KURA

Katika kila taifa lenye uchaguzi liko swali moja ambalo mgombea hawezi kulikwepa. Mfanyakazi atasikiliza hotuba kwa adabu mpaka mwisho, kisha atauliza: Je, kazi tutapata? Ndiyo sababu hesabu ya watu wasio na kazi hugombaniwa sana wakati wa kampeni. Twapenda leo kuwakumbusha wasomaji wetu yaliyotokea Marekani, maana yana mafunzo kwa kila mtu aishiye kwa jasho lake.

Mwaka 2012 Rais Barack Obama wa chama cha Democratic alikuwa akishindana na Mitt Romney wa chama cha Republican. Tarehe 5 Oktoba, mwezi mmoja kabla ya kura, serikali ilitangaza kwamba wasio na kazi wamepungua kutoka 8.1 kwa mia hadi 7.8 kwa mia. Mara kelele zikazuka. Jack Welch, aliyepata kuwa mkuu wa kampuni ya General Electric, alidai hadharani kwamba hesabu imegeuzwa ili kumwokoa Rais. Ushahidi hakuutoa. Tarehe 6 Novemba Obama alichaguliwa tena.

Sisi twasema hesabu ile haikutungwa Ikulu. Ilifanywa na watumishi wa Ofisi ya Takwimu za Kazi, kutokana na habari ambazo kila mwezi huulizwa katika nyumba zipatazo 60,000. Lakini twasema vile vile kwamba hesabu ya kweli yaweza kuficha shida ya kweli. Kwa jumla, huhesabiwa kuwa hana kazi yule tu aliyeitafuta katika majuma manne yaliyopita. Aliyechoka kubisha milango akaketi nyumbani hahesabiwi. Na aliyepata kibarua cha saa moja tu katika juma huhesabiwa kuwa anayo kazi. Mwezi ule ule wa Septemba 2012, watu waliofanya kazi nusu kwa kukosa kazi ya siku nzima, au kwa kupunguziwa saa, walizidi kutoka milioni 8.0 hadi milioni 8.6. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Hayo ndiyo yaliyostahili kujadiliwa. Badala yake wakubwa walibishana juu ya tarakimu, na mwenye shida akasahauliwa.

Wala ugomvi huo haukuishia hapo. Tarehe 1 Agosti 2025 ofisi ile ilisahihisha hesabu zake, ikasema kazi zilizoongezeka Mei na Juni zilikuwa pungufu kwa 258,000 kuliko ilivyotajwa kwanza. Siku hiyo hiyo Rais Donald Trump alimfukuza mkuu wake, Erika McEntarfer, akidai hesabu zimechezewa. Naye hakutoa ushahidi. Kusahihisha ni desturi ya ofisi hiyo, kwa kuwa majibu ya waajiri wengine huchelewa. Avunjaye mizani hauongezi mzigo.

Basi, ndugu wafanyakazi, mgombea ye yote akitujia na hesabu ya kazi, tusikimbilie kushangilia wala kuzomea. Tumwulize maswali matatu: Ni nani waliohesabiwa? Ni nani walioachwa? Na ujira wa kazi hizo watosha kulisha nyumba? Anayeyajibu wazi ndiye anayestahili kusikilizwa.