Mwenye Kuuguza Mbele ya Watunga Sheria: Sehemu ya Pili

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tuliitazama kazi yenyewe ya kuuguza, yaani kumgeuza mgonjwa kitandani, kumwogesha, kumlisha, kumpimia dawa na kukesha naye. Kazi ambayo, kwa hesabu iliyotolewa mwaka 2020 na mashirika ya AARP na National Alliance for Caregiving, ilikuwa ikifanywa nchini Marekani na watu wazima milioni 53 bila ya ujira. Leo tunaingia katika swali ambalo mtu wa pwani hulidhani jepesi mpaka akutane na karatasi ya serikali: huyo unayemwuguza ni nani wako?

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa kijana, mama yangu mkubwa alipatwa na kiharusi mjini Tanga, nami nikaziacha shughuli zangu nikakaa naye tangu kaskazi ikivuma hata kusi ikashika. Mama huyu hakunizaa wala hakunilea. Walakini hakuna jirani, wala sheikh wa mtaa, wala tajiri aliyeniajiri, aliyeniuliza kwa hoja gani namwita mama, kwa kuwa katika lugha yetu dada mkubwa wa mama ni mama, na jina hilo halimpi heshima tupu bali humpa haki juu ya mikono yangu.

Sasa mchukue kijana kama yule umweke Marekani, mbele ya sheria ya shirikisho ya mwaka 1993 ambayo Rais Bill Clinton aliitia saini tarehe 5 Februari. Sheria hiyo humruhusu mfanyakazi kuacha kazi kwa muda wa wiki 12 katika mwaka ili amwuguze mtu wake, bila ya kupoteza nafasi yake, lakini bila ya mshahara. Tena kwa masharti kwamba awe amemtumikia mwajiri wake miezi 12 na saa 1,250, na mwajiri mwenyewe awe na watu wasiopungua 50. Na huyo mtu wake ni mume au mke, mtoto, au mzazi. Mama mkubwa hayumo, isipokuwa awe ndiye aliyemlea kijana mahali pa mzazi. Kaka hayumo. Bibi hayumo. Hata mama mkwe, ambaye kwetu mtu humwinamia kuliko mamaye mwenyewe, hayumo.

Siilaumu sheria ile kwa yale iliyoyatenda, kwani kabla yake Mmarekani aliyekwenda kumwuguza mzazi wake aliweza kurudi akamkuta mtu mwingine amekalia kiti chake, na hakuwa na pa kushtakia ila pale ambapo jimbo lake lilikwisha kujitungia kinga. Lakini yakini ni kwamba iliwaacha wengi nje ya mlango, na yaliyouacha wazi mlango wa pili ni majimbo. Msomaji wa Tanzania asilipime jimbo la Marekani kwa kipimo cha mkoa, kwa sababu kila moja kati ya majimbo 50 lina katiba yake, gavana wake, hazina yake na baraza lake la kutunga sheria, na katika mambo ya kazi na malipo laweza kutoa kilicho kikubwa kuliko kilichotolewa Washington.

California ilitangulia. Mwaka 2002 ilipitisha sheria ya likizo yenye malipo kwa wenye kuuguza, na malipo yakaanza kutoka mwaka 2004. Hata hivyo, ndugu wa tumbo moja, babu na bibi, mjukuu, na wakwe hawakuingizwa katika hesabu ya jamaa mpaka Julai 2014. Miaka kumi mizima dada alikatwa fedha katika mshahara wake kwa ajili ya mfuko ambao hakuweza kuutumia kumwuguza kaka yake. Naikumbusha habari hii kwa makusudi, ili wale wanaosema kwamba maneno ya sheria ni kazi ya wanasheria peke yao waone jinsi tamko moja linavyoweza kumfungia mtu au kumfungulia.

Nitakaa zaidi juu ya jimbo la Maine, lililoko pembe ya kaskazini mashariki, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ukipima umri wa katikati wa wakazi, hakuna jimbo la Marekani lenye watu wazee zaidi. Ya pili ni kwamba katika miji ya Portland na Lewiston wamekwisha kujenga maskani watu waliotoka Kongo, Rwanda na Burundi, na Kiswahili husikika huko madukani na makanisani. Na wapo kati yao wanaofanya kazi katika nyumba za kuwatunzia wazee wa Kimarekani, wakawauguza wazazi wa watu wengine mchana, kisha usiku wakarudi kuwauguza wa kwao.

Mwaka 2023 baraza la Maine lilipitisha sheria ya likizo ya malipo, na Gavana Janet Mills akaitia saini Julai ya mwaka huo. Mchango wa asilimia 1 ya mshahara ulianza kukusanywa tarehe 1 Januari 2025, na malipo yakawekwa kuanza tarehe 1 Mei 2026: wiki zisizozidi 12 kwa mwaka, mfanyakazi akipewa asilimia 90 ya ile sehemu ya mshahara wake isiyozidi nusu ya wastani wa mshahara wa wiki wa jimbo, na asilimia 66 ya kinachozidi hapo, mradi jumla isiupite wastani huo. Kwa hesabu hii mwenye mshahara mdogo hupata karibu wote, na hilo ni insafu. Lakini kilichonifurahisha kuliko fedha ni tafsiri ya neno jamaa. Sheria hiyo imemtaja mzazi na mtoto na mume na mke, ikamtaja ndugu, babu na bibi, kisha ikafungua mlango kwa mtu mwingine yeyote ambaye mfanyakazi ana kifungo naye kilicho mfano wa udugu. Mama yangu mkubwa angeingia hapo.

Tafsiri pana namna hiyo haikushuka yenyewe. Mwaka 2021 iliundwa tume ya kulichunguza jambo hili. Wabunge wawili, Mattie Daughtry katika Seneti na Kristen Cloutier wa Lewiston katika Baraza la Wawakilishi, wakalishikia bendera. Na vyama vya raia vikazunguka kukusanya saini ili umma upige kura wenyewe endapo baraza litasita. Wenye biashara walipinga, na si haki kuwadharau, kwa kuwa mwenye duka la watu sita akiondokewa na mmoja kwa wiki 12 huona pengo kweli. Ndiyo maana mwajiri mwenye watu wasiofika 15 hakutwishwa nusu yake ya mchango. Hoja yao ilisikilizwa kwa sababu walikwenda kuisema. Je, sisi wenye Kiswahili tulioko huko tumekwenda?

Njia yenyewe si ndefu. Wawakilishi wa Maine ni 151 na maseneta ni 35, na kwa idadi ya wakazi kila mwakilishi husimama kwa ajili ya watu kama 9,000 tu, kadiri ya mtaa mmoja wa Dar es Salaam. Mswada ukiletwa hupelekwa kwa kamati ya pamoja ya maseneta na wawakilishi, nayo, kwa desturi ya jimbo hilo, huufungulia kila mswada baraza la wazi mjini Augusta, makao makuu ya jimbo, ambamo mtu yeyote aweza kusimama akasema, aghalabu kwa dakika tatu, au akapeleka maneno yake kwa maandishi. Uraia si sharti. Aliyefika juzi, mwenye kungoja jibu la ombi lake la hifadhi, ana ruhusa ya kusema kama mzaliwa.

Kizuizi kikubwa kwetu, kwa maoni yangu, ni sitara. Tumelelewa kwamba maradhi ya mzazi ni siri ya nyumba, na kumtaja mama asiyeweza kujizuia haja mbele ya wageni ni kumvua nguo. Sitaki mtu aivunje adabu hiyo, maana ni adabu njema. Lakini kuna maneno ya mgonjwa na kuna maneno ya mwenye kuuguza, na haya ya pili ni milki yako: umekosa zamu ngapi mwezi uliopita, umekatwa dola ngapi, unalala saa ngapi, nani anabaki na mgonjwa ukitoka, na ni jamaa gani wako ambaye tamko la sheria limemwacha nje. Sema hayo, kisha sema wazi unaomba nini. Tena ujue kwamba ushahidi wa maandishi huwekwa hadharani, asomaye akasoma. Basi usitie humo jina la mgonjwa wala jina la maradhi usiyotaka yajulikane.

Katika sehemu ya tatu tutaeleza sheria iliyoanzia Oklahoma mwaka 2014, inayozitaka hospitali ziandike jina la mwenye kuuguza na kumfundisha kazi kabla mgonjwa hajaruhusiwa kwenda nyumbani, sheria ambayo majimbo zaidi ya 40 yameifuata. Kabla ya siku hiyo namwomba msomaji aliyeko Portland, Lewiston au mji mwingine wowote wa Marekani alijue jina la mwakilishi wake, amwandikie nusu ya ukurasa, kwa Kiingereza chake alicho nacho au kwa kalamu ya mtoto wake aliyesoma huko, amweleze anamwuguza nani na kwa saa ngapi kila siku.