Taa imewaka, lakini je, waya uko salama?

Nyumba nyingi za mijini Tanzania hufungwa umeme mara mbili. Mara ya kwanza ni kabla ya TANESCO kuunganisha: mkandarasi mwenye leseni ya EWURA anafunga waya, anachora mchoro na kuweka saini. Mara ya pili haina saini ya mtu. Ni pale mwenye nyumba anapoongeza chumba cha uani, fremu ya duka, pampu ya kisima au hita ya kuogea, akamuita kijana wa mtaani anayejua "kuvuta waya". Jioni swichi inabonyezwa, taa inawaka, fundi analipwa.

Lakini taa kuwaka hakuthibitishi mengi. Balbu inahitaji nyaya mbili tu, wa moto na wa nyutro. Itawaka hata kama ethi haipo, waya ni mwembamba kuliko mzigo, na viungio vya darini vimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa selotepu.

Chukua hita ya kuogea, ile inayochemsha maji papo hapo. Nyingine hufika wati 5,500. Kwa umeme wa volti 230, hiyo ni karibu ampia 24. Waya wa soketi wa 2.5 (yaani milimita za mraba) kwa kawaida hulindwa na breka ya ampia 20. Fundi akiichomeka hita kwenye waya huohuo, na mtu akawasha pasi chumba cha pili, breka inajishusha. Mwenye nyumba analalamika. Fundi anarudi, anatoa breka ya 20 na kuweka ya 32. Haijishushi tena, na kila mtu anafurahi.

Hapo ndipo hatari ilipoingia. Breka haikuwekwa kulinda hita wala pasi, imewekwa kulinda waya. Ilipokuwa inajishusha ilikuwa inafanya kazi yake. Sasa waya ule ule unabeba ampia 28 bila wa kuuzuia. Unapata moto ndani ya paipu, plastiki yake inakauka na kupasuka taratibu, na hakuna anayeona chochote hadi dari lianze kunuka. Hita kama hiyo inataka waya wake peke yake kutoka kwenye bodi, wa 4 au zaidi, na breka yake.

Ethi nayo hurukwa kwa sababu bila yake kila kitu kinaendelea kufanya kazi. Dalili yake inajulikana karibu kila mtaa: friji "inapiga shoti" ukigusa mlango. Ushauri unaotolewa ni kuvaa ndala! Ukweli ni kwamba umeme umevuja hadi kwenye bati la friji na hauna pa kwenda, hivyo unamsubiri mtu apite naye hadi ardhini. Hauhitaji kuwa mwingi. Balbu ya LED ya wati 9 hutumia takriban miliampia 40, na kuanzia miliampia 30 kupita kifuani moyo unaweza kuvurugika.

Kosa jingine ni swichi kukata waya wa nyutro badala ya wa moto. Taa inazima vizuri kabisa, lakini umeme umebaki kwenye holda. Anayepanda stuli kubadilisha balbu anaamini amezima.

Kabla ya kumpa mtu kazi, muombe leseni yake ya EWURA. Leseni hizo zina madaraja, kwa hiyo angalia kama daraja lake linaruhusu kazi hiyo. Muulize pia atapima nini akimaliza. Anayejibu kwa kuonyesha testa ya bisibisi peke yake hajajibu, maana testa hiyo inaonyesha tu kama umeme upo, haipimi ethi.

Kwenye bodi, tafuta breka yenye kitufe kilichoandikwa "T" au "Test". Ndiyo inayokata umeme unapovuja. Ibonyeze umeme ukiwepo: inatakiwa ijishushe palepale. Isipojishusha, au kama haipo kabisa, hilo ndilo la kumwambia fundi kwanza. Soketi inayopata joto, taa zinazopepesa hita ikiwashwa na harufu ya plastiki iliyoungua ni sababu za kuzima meni swichi leo, bila kusubiri wikiendi.

Na mtu akinaswa na umeme, usimshike. Zima meni swichi kwanza. Ikishindikana, simama pakavu umsukume kwa mti mkavu au kiti cha plastiki. Moto ukishika kwenye waya, usimwage maji. Zima meni, watoe watu nje, piga 114 ya Zimamoto.