Je, Wajua? Ubao, Wino na Kalamu za Unguja

Je, wajua kwamba kabla ya daftari mtoto wa Unguja aliandika juu ya ubao wa mti? Chuoni, yaani katika skuli ya Kurani, watoto walikaa mkekani, ubao mapajani. Aya ikaandikwa, ikasomwa kwa sauti mpaka ikakaa kichwani, kisha ubao ukaoshwa kupisha aya nyingine.

Wino wake ulikuwa masizi yaliyokorogwa kwa maji na gundi ya mti. Masizi hayayeyuki katika maji. Gundi ndiyo inayoyashikiza kwenye ubao. Maji yakiifika, gundi huachia na masizi huondoka na herufi zake. Kwa hiyo ubao uleule uliweza kuandikiwa mwaka hadi mwaka.

Kalamu ilichongwa kwa mwanzi au tete. Ncha ilikatwa mshazari, ikapasuliwa kidogo katikati ili wino ushuke taratibu. Mpasuko ukizidi, kalamu ilitema wino. Ukipungua, ilikwaruza tu. Hata nibu ya chuma iliyokuja baadaye ina mpasuko huohuo.

Na maandishi mengine yalinyweka! Aya ziliandikwa kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, zikaoshwa, na maji yale akapewa mgonjwa. Hilo ndilo kombe.

Je, wajua kwamba binti wa Sultani alijifunza kuandika kwa siri, juu ya mfupa? Huyu ni Sayyida Salme, aliyezaliwa 1844 katika jumba la Mtoni, binti wa Seyyid Said. Zama zake mtoto wa kike alifundishwa kusoma Kurani, kuandika hakufundishwa. Salme hakukubali. Aliuweka msahafu mbele yake, akawa anaiga herufi mojamoja juu ya mfupa wa bega la ngamia, ambao ni mpana na laini, na siku hizo ulitumika mahali pa sleti. Ndugu walipojua walimlaumu sana, lakini herufi zilikwisha kumkaa mkononi. Mwaka 1859, kaka yake Barghash alipokuwa akipanga kumpindua kaka yao Majid, aliyekuwa Sultani, Salme akiwa na umri wa miaka 15 ndiye aliyekuwa akiandika barua za kundi lile. Njama ilishindwa. Salme aliondoka Unguja mwaka 1866, na mwaka 1886 kumbukumbu za maisha yake zilichapishwa Berlin kwa jina lake la ndoa, Emily Ruete. Kwangu mimi hakuna kisa cha kujifunza Unguja kinachokishinda hiki.

Skuli ya kwanza ya serikali kwa wasichana ilifunguliwa mjini Unguja mwaka 1927. Wazee wengi walisitasita, na hofu kubwa haikuwa hesabu wala kusoma. Ilikuwa kalamu: binti akijua kuandika, atawaandikia wanaume barua!

Je, wajua kwamba watoto waliokombolewa utumwani walikuwa miongoni mwa wapiga chapa wa mwanzo wa Kiswahili? Askofu Tozer wa misheni ya UMCA alifika Unguja mwaka 1864, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wavulana waliotolewa katika jahazi la watumwa. Chini ya mmisionari mwenzake, Edward Steere, walijifunza kupanga herufi za risasi, moja baada ya moja, na hadithi za Kiunguja zikatoka katika karatasi. Mwaka 1888 skuli ya misheni hiyo, ya Kiungani, ilianza kutoa gazeti lake la Kiswahili, Msimulizi.

Mtoto wa skuli aliandika herufi za Kilatini, kuanzia kushoto kwenda kulia. Alipokwenda chuoni, mkono uleule uliandika za Kiarabu, kuanzia kulia kwenda kushoto. Hati mbili, mkono mmoja, na hakuna aliyeona ajabu.

Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Lahaja ya mitaa ya Mji Mkongwe ikaingia katika vitabu vya watoto wa Tabora na Kisumu.

Je, unakikumbuka kidau cha wino? Madawati ya zamani yalikuwa na tundu pembeni la kukitia. Ulichovya, ukaandika maneno machache, ukachovya tena, na karatasi ya kunyonya wino ikakaa chini ya kiganja. Ukiharakisha, doa. Ukikandamiza, nibu inafunguka miguu. Ndipo mtu alipojifunza kufikiri kabla ya kuandika, jambo ambalo peni ya wino mzito, iliyobuniwa na Mhungaria László Bíró katika miaka ya 1930, haimdai mtu.

Tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane baada ya Mapinduzi, Mzee Abeid Karume, Rais wa Zanzibar, alitangaza elimu bila malipo visiwani. Siku hiyo huadhimishwa hadi leo.

Mbao nyingi za chuoni zimekwisha kuliwa na mchwa, au zimekuwa kuni. Kama nyumbani kwenu umebaki ubao, kidau au daftari la bibi lenye hati ya Kiarabu, usivitupe. Muulize bibi vilikuwa vya nani na vilitumikaje, uyaandike majibu yake, kisha uwaone watu wa Nyaraka pale Kilimani.