Deni ya mugodi: inje 7,875%, na kwetu?

Wandugu watumikaji, mwezi wa kwanza 2025 Ivanhoe Mines, mwenye sehemu mu Kamoa-Kakula karibu na Kolwezi, aliuzisha inje karatasi za deni, ndizo obligasio, za dolari milioni 750. Mpaka 2030 atalipa faida ya 7,875%: karibu dolari milioni 59 kila mwaka.

Hapa kwetu hakuna soko ya hisa ya kuuzishia karatasi kama zile. Mu 2024 kiwango cha Banque Centrale kilikuwa 25%. Ile ni ya franga za Congo, zilikuwa zinashuka mu 2024, haiko sawasawa na dolari. Lakini unaona juu ya nini wanakopa inje.

Faida ya deni inalipwa mbele ya kuhesabu benefisi. Basi, siku ya kuzungumuza mushahara, delege wetu aulize: mugodi iko na deni ngapi, kwa asilimia ngapi, mpaka lini?