Ukimya Mkutanoni: Tusiisingizie Mila

Katika mikutano mingi ya vijiji mkoani Ruvuma, mwenyekiti akiuliza kama kuna swali, wananchi hukaa kimya. Maneno hutoka baadaye, watu wakiwa njiani kurudi makwao. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba hiyo ni mila: Wangoni walitawaliwa na nkosi, yaani mfalme, wakazoea kuitikia amri, na wajukuu wamerithi. Hata mtafiti wa Kiholanzi Geert Hofstede, aliyelinganisha fikra za wafanyakazi wa kampuni ya IBM duniani, alizitia Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia katika fungu moja na kulipatia alama 64 kwa namna watu wanavyokubali mkubwa awe juu yao. Kwamba urithi huunda tabia sibishi. Ninalolikataa ni kudhani kuwa urithi huo ni mmoja, na kwamba unafundisha kunyenyekea tu.

Tuanze na Wangoni wenyewe. Waliofika Songea katika karne ya 19 wakiwa na asili ya kusini mwa Afrika walikuwa wachache. Wengi walioitwa Wangoni baadaye walikuwa mateka na wenyeji walioingizwa katika vikosi vya vijana. Utii huo, basi, ulifunzwa jeshini, na kwa wengi haukuwa na mizizi ya vizazi vingi. Tena nkosi hakutawala peke yake: manduna, wakuu waliokuwa chini yake, walikuwa na watu wao na nguvu zao. Mji wa Songea umechukua jina la nduna, Songea Mbano, si la nkosi Mputa Gama, ingawa wote wawili walinyongwa na Wajerumani mwaka 1906 katika Vita vya Majimaji.

Mashariki, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Namtumbo, Wandendeule waliishi kwa desturi nyingine. Mwanaanthropolojia P. H. Gulliver aliyewachunguza miaka ya 1950 alikuta watu wakilimiana mashamba kwa zamu, mwenye shamba akiandaa pombe. Mtu alipokosa kwenda kumlimia mwenzake, shauri lilizuka. Kila upande ulifika na ndugu zake, na aliyekuwa ndugu wa pande zote mbili alisimama katikati kuwapatanisha. Hapakuwa na hakimu. Wazee walisikilizwa kwa adabu, kijana hakuchelea kuwapinga, na shauri halikuisha mpaka pande zote zikubali. Huo nao ni urithi wa Ruvuma, lakini hatuukumbuki tunapolaumu mila.

Wapo watakaosema kwamba hayo yaliwezekana kwa majirani wachache waliounganishwa na undugu, na kwamba serikali ni jambo jingine. Ni hoja nzito, ila Litowa, mkoani humu humu, inaijibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa chama cha TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walianzisha hapo kijiji cha ujamaa, na vijiji vingine vikajiunga katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, hadi vikafika 17. Wanakijiji walikutana, wakapanga kazi za shamba, wakaamua mapato yagawanywe vipi, wakaendesha shule yao. Ni kweli walikuwa na kiongozi hodari na mshauri Mwingereza, Ralph Ibbott. Lakini maamuzi yalipita mkutanoni, miongoni mwa watu walewale wanaosemwa wamezaliwa na utii. Mwalimu Nyerere aliwasifu. Hata hivyo, Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Sauti za wanakijiji zilizimwa kwa uamuzi uliotoka juu, na naona hilo ni somo lililokaa vichwani mwa watu zaidi kuliko desturi yoyote ya nkosi.

Ndiyo maana sikubali kwamba heshima kwa wakubwa ndiyo kikwazo. Mtu anaweza kupiga magoti kumwamkia babu yake asubuhi, na jioni akamwambia kwamba mpaka wa shamba umesogezwa. Kikwazo kiko kwingine: Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 inampa kila mkazi wa kijiji mwenye miaka 18 nafasi katika mkutano mkuu wa kijiji, lakini mtendaji wa kijiji huajiriwa na halmashauri ya wilaya na huripoti huko. Mwananchi anayekaa kimya mapato na matumizi yakisomwa haraka haraka anajua wazi kwamba mkutano ule haukumwajiri mtendaji wala hauwezi kumwachisha kazi.