Amana Iliyomo Ndani ya Mikanda ya Video



Katika nyumba nyingi za Waislamu wa Kasulu na Kibondo, ukifungua sanduku la mama mwenye nyumba utakuta, chini ya kanga na vyeti vya watoto, mikanda ya video miwili mitatu iliyofungwa katika mfuko wa nailoni. Humo mna harusi ya binti wa kwanza, maulidi ya mwaka fulani, khitima ya babu, au darasa la sheikh aliyekwisha tangulia mbele ya haki. Leo kamera zilizochukua picha hizo zimelala kabatini, deki zimeharibika, na mikanda haina wa kuitazama. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho ulimwenguni kutengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo mwezi wa Julai 2016.

Wako wanaodhani kwamba mkanda uliofungwa vizuri haufi. Sivyo. Mkanda ni utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa unga wenye sumaku, na unga huo ndio uliobeba picha na sauti. Huku kwetu katika miinuko ya Buha mvua huanza Oktoba na huendelea mpaka Mei, na unyevu ukiingia sandukuni hauulizi hodi. Ukungu mweupe huota pembeni mwa utepe, unga ukalegea, na kilichomo kikafutika kidogo kidogo hali mwenyewe hana habari.

Masahaba (R.A.) waliyafahamu haya ya vitu kupotea kabla yetu. Baada ya vita vya Yamama, walipouawa mahafidhi wengi, Sayyidna Abubakar alimwamuru Zayd bin Thabit kuikusanya Qurani kutoka katika makuti ya mitende, mawe na vifua vya watu, ikaandikwa pamoja. Sisemi kwamba mkanda wa harusi unalingana na jambo hilo, haasha! Nasema tu kwamba kunakili kutoka katika kitu kinachooza, na kukitia katika kitu kinachodumu zaidi, si bidaa ya vijana wa leo. Ama hukumu ya picha zenyewe, wanazuoni wana kauli zao, wala hapa si mahala pake. Mikanda imekwisha kuwamo majumbani mwetu.

Sasa nitaeleza kwa nini nashika kalamu juu ya jambo ambalo si fani yangu. Mwaka 2019 nilichukua mkanda wa harusi ya mwanangu nikampelekea kijana mmoja mwenye duka la kutoa picha, anigeuzie uwe CD. Alifanya kazi yake na akaniletea. Haukupita mwezi nikasikia kwamba vijana kijiweni wameona wanawake wetu wakicheza ndani siku ya kupaka hina, vichwa wazi, kama wachezavyo wanawake wakiwa peke yao. Mke wangu hakuniambia neno siku tatu. Nilikwenda dukani, nakala ikafutwa mbele yangu. Lakini ni nakala ngapi zilikuwa zimekwisha toka? Kosa la kwanza, kwa hakika, lilikuwa langu mimi. Sikujua kwamba kunakili mkanda si sawa na kunakili karatasi. Mkanda wa saa moja hunakiliwa kwa saa moja, ukicheza mbele ya macho ya anayenakili tangu mwanzo hata mwisho, kisha nakala hubaki katika kompyuta yake. Basi atoaye mkanda wa namna hiyo nje ya nyumba yake ametoa sitara ya wanawake wake.

Ndipo binti yangu wa mwisho aliposema, "Baba, kama kompyuta ipo na kamera ipo, kwa nini tusifanye wenyewe humu ndani?" Nami nilikuwa na mkanda mwingine ulioniuma zaidi. Ni darasa la tafsiri la Ramadhani ya mwaka 2004 la marehemu maalim wangu, aliyenishika mkono tangu alifu. Hakuna sauti yake mahali pengine popote.

Jambo la kwanza ni kuujua mkanda. Ule mkubwa mfano wa kitabu ni VHS, nao huchezwa katika deki. Ule unaokaribia ukubwa wa kaseti ya redio aghalabu ni Video8 au Hi8. Ule mdogo, uliozidi kiberiti kwa kiasi kidogo tu, ni MiniDV, aina iliyotoka mwaka 1995. Tofauti yao si ukubwa peke yake. VHS na Video8 huhifadhi picha kwa mawimbi, kama kaseti ya sauti. MiniDV huhifadhi kwa tarakimu, yaani kwa lugha ile ile ya kompyuta. Kwa hiyo MiniDV hunakiliwa bila kupungua chochote, ama hiyo mingine hapana budi kwanza ipite katika kifaa cha kuyageuza mawimbi kuwa tarakimu.

Mkanda wa maalim ni MiniDV. Tulianza kwa kukosea, kama wakoseavyo wengi. Tuliona kamera ina tundu la USB, tukachomeka waya, kompyuta ikaonyesha picha za mnato tatu na basi. Katika kamera nyingi za namna hii tundu la USB ni la picha za mnato zilizomo katika kadi ndogo. Video ya mkanda hutokea tundu jingine, dogo, lililoandikwa DV au i.LINK. Waya wake huitwa FireWire; mwisho mmoja una pini 4, na mwingine huwa na pini 4 au 6 kwa kufuata kompyuta. Kompyuta mpya hazina tundu hilo. Msinunue kile kipande cha bei rahisi kinachodaiwa kugeuza FireWire kuwa USB. Kwa kazi hii hakifai kitu. Tafuteni kompyuta kuukuu ya miaka ya 2000, kwani nyingi za wakati ule zilikuwa nalo, au ile ya mezani inayoweza kutiwa kadi ya FireWire ndani yake. Sisi tuliazima kompyuta mpakato ya shemeji yangu wa Kibondo, ambayo watoto wake walikuwa wamekwisha ifanya kigoda.

Zimeni kamera na kompyuta kabla ya kuunganisha, na pini 6 isitiwe kinyume kwa nguvu, maana waya huo hubeba umeme na unaweza kuunguza kamera. Kamera ilishwe umeme wa ukutani, si betri yake iliyochoka, kisha iwekwe katika hali ya kucheza mkanda, iliyoandikwa VCR au PLAY. Katika Windows tulitumia programu ndogo ya bure iitwayo WinDV. Wenye kompyuta za Apple zilizo na tundu hilo wana iMovie. Saa moja ya mkanda hula yapata GB 13. Flashi iliyopangwa kwa FAT32 haikubali faili inayozidi GB 4, yaani kama dakika 18 za video, basi tumieni diski ya nje iliyopangwa kwa NTFS au exFAT.

Asubuhi za huku ni baridi. Siku ya kwanza kamera ilikataa katakata, ikaandika DEW, maana yake imeshika umande ndani. Dawa yake ni kuiacha wazi mahali pakavu, bila mkanda, kiasi cha saa moja. Kisha peleka mkanda mbele mpaka mwisho na uurudishe mwanzo kabla ya kuucheza, ili utepe ulionata uachane.

Wenye VHS na Video8 watahitaji kinasa video cha USB pamoja na waya wenye vichwa vitatu: cha manjano ni picha, cheupe ni sauti ya kushoto, chekundu ni sauti ya kulia. Deki yenye sauti moja hutumia cheupe tu. Waya wa kamera wenye kichwa kimoja chembamba usiazimwe ovyo, kwani kila mtengenezaji ana mpango wake, na sauti yaweza kuingia njia ya picha. Katika programu, mathalan OBS Studio ambayo ni ya bure, chagueni PAL, mtindo wetu wa picha 25 kwa sekunde. Mkanda uliotoka Marekani ni NTSC. Ukiuchezea PAL picha hukimbia au hukosa rangi. Na mwenye bahati ya kupata kamera ya Digital8 ajue kwamba baadhi yake hucheza mikanda ya zamani ya Hi8 na kuitoa moja kwa moja kwa tundu la DV, bila kinasa.

Basi tulikaa chumbani, mlango umefungwa, binti akabonyeza. Maalim akatokea, kanzu yake ya kijivu, akakohoa kama alivyozoea kukohoa kabla ya Bismillahi. Mke wangu aliyekuwa akichagua maharage aliweka ungo chini. Dakika ya 38 umeme ukakatika. Betri ya kompyuta ilikuwa imekwisha kufa zamani, faili ikabaki nusu isiyofunguka. Kila mara utepe unapopita katika kichwa cha kamera huchakaa, nami nilihesabu moyoni ni mara ngapi bado unaweza kupita. Safari ya pili tulinakili vipande vya dakika 15, tukavifunga kimoja kimoja, tukamaliza usiku wa manane.

Darasa la maalim sasa limo katika diski mbili, moja kwangu Kasulu na moja Kibondo kwa shemeji, na kila mwanafunzi wake aliyeniomba nimempa. Mkanda wa hina umenakiliwa na binti yangu na shangazi zake. Faili imefungwa kwa neno la siri wanalolijua wanawake peke yao, wala haitiwi katika simu. Mimi mwenyewe sijaiona.

Imebaki mikanda minne. Mmoja, wa maulidi, una ukungu, na mkanda wa namna hiyo hautiwi katika kamera, kwani huchafua kichwa na kuiambukiza mingine. Tumeuweka peke yake katika mfuko wa kitambaa juu ya kabati, tukingoja kiangazi.