Kamera Haina Kosa, Ulimi wa Filamu Ndio Mfupi

Filamu imerudi kutoka kusafishwa, tupu. Hakuna picha hata moja. Mwenye kamera anamtazama fundi wa chumba cha giza kwa jicho baya, na fundi naye anaitazama kamera. Kabla hawajagombana, waiinue ile filamu kwenye mwanga na waangalie pembezoni. Kama jina la kiwanda na namba za picha zinasomeka vizuri kando ya matundu, basi dawa ilifanya kazi yake na fundi hana hatia. Filamu haikuwahi kupita nyuma ya lenzi. Ilijikalia ndani ya kaseti tangu siku ilipowekwa, huku mwenyewe akizungusha, akibonyeza na kuhesabu hadi picha ya 36.

Mkasa huu wanaufahamu sana watumiaji wa kamera kongwe za kupima umbali, zile ambazo filamu huingizwa kwa chini. Mama yao ni Leica ya skrubu, iliyotengenezwa na kiwanda cha Ernst Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani. Leica I iliingia sokoni mwaka 1925. Leica II ya 1932 ikaongezewa kipima umbali kilichounganishwa na lenzi. Ukoo huo ukaendelea hadi IIIg ya 1957. Kisha wapo ndugu wa kuiga: FED iliyoanza kuundwa Kharkov mwaka 1934, Zorki ya Krasnogorsk karibu na Moscow kuanzia 1948, pamoja na Canon za mwanzo za Japani. Anayenunua "Leica" ya bei ya kutupa mtandaoni aelewe kwamba huenda ameletewa FED au Zorki iliyochongwa jina la bandia. Kwa upande wa filamu, hata hivyo, zote hizi za kulishwa kwa chini zina tabia moja.

Hazina mlango wa nyuma. Unaigeuza kamera kichwa chini, unazungusha ufunguo wa kifuniko kutoka "zu" kwenda "auf" (kwenye Leica), yaani kutoka kufunga kwenda kufungua kwa Kijerumani, na kifuniko kinatoka. Kinachobaki mbele yako ni shimo la kaseti upande mmoja, shimo la spuli ya kupokelea filamu upande wa pili, na kati yao mfereji mwembamba ambamo filamu inatakiwa kuteremka kwa ubavu. Huoni kinachoendelea humo ndani. Unaingiza na kuomba.

Wengi humlaumu Oskar Barnack, mhandisi aliyeibuni Leica. Zeiss Ikon, mahasimu wa Leitz, walitoa kamera yao ya Contax mwaka huohuo wa 1932 ikiwa na mgongo unaong'oka wote, filamu ukaiona kwa macho yako inavyolala. Kwa nini Barnack hakufanya hivyo? Jibu liko kwenye ganda lenyewe. Ganda lisilo na mlango ni gumu, halina bawaba ya kulegea, na mwanga hauna ufa wa kupenyea. Lenzi na filamu lazima zikae umbali uleule miaka nenda miaka rudi, na katika mashine ndogo kiasi kile, kila tundu unalotoboa unalilipia. Yevgeny Khaldei alipopiga picha ya bendera juu ya Reichstag Mei 1945 alikuwa na Leica III. Alfred Eisenstaedt alipomnasa baharia akimbusu mwanamke mjini New York Agosti ya mwaka huohuo, mkononi alikuwa na IIIa. Kamera zote mbili ni za kulishwa kwa chini. Hawa hawakuwa watu wenye muda wa kupoteza.

Kilichobadilika ni filamu. Zama za Barnack, mpiga picha alijaza kaseti yake mwenyewe gizani na kuchonga ncha ya filamu kwa kipimo cha Leitz. Kodak walileta kaseti iliyojazwa tayari mwaka 1934, na baadaye, kamera zenye mlango wa nyuma zilipotawala soko, viwanda vikafupisha ule ulimi mwembamba wa mwanzoni mwa filamu, kwa kuwa hakuna tena aliyeuhitaji mrefu. Filamu unayonunua leo imekatwa kwa ajili ya kamera nyingine kabisa.

Na hapo ndipo penye siri yote. Ulimi wa Leica unatakiwa uwe na urefu wa sentimita 10 hivi, sawa na matundu ishirini na kidogo. Urefu huo unatosha kuvuka pengo lote kutoka kwenye kaseti hadi kwenye spuli. Kwa hiyo unapoteremsha kaseti na spuli kwa pamoja, kinachoingia mferejini ni kipande chembamba tupu, na upana kamili wa filamu unafuata baadaye, ukivutwa kwa unyoofu kutoka kwenye kaseti. Ulimi ukiwa mfupi, bega la filamu, pale inapopanuka, linalazimika kusukumwa mferejini kwa ubavu. Linakwama kwenye ukingo wa dirisha la picha. Filamu inajikunja, matundu hayakai kwenye meno ya gurudumu, na ukizungusha kwa nguvu yanachanika. Vipande vinavyochanika vinakimbilia kwenye mapazia ya shata, na kuvitoa humo ni kazi ya fundi wa kulivua ganda lote.

Basi dawa ni mkasi. Vuta filamu kiasi, ukate upande ule utakaoelekea juu ya kamera, uache upande wenye matundu yatakayokutana na meno. Mkato umalizikie kwa mteremko laini, usiwe wa pembe kali, na usipite katikati ya tundu. Tundu lililokatwa nusu ndipo mchaniko unapoanzia. Leitz waliuza kiolezo cha chuma kwa kazi hii, kinaitwa ABLON, unakifungia filamu ndani na kupitisha kisu pembeni. Ukikikosa, chukua ulimi wa filamu ya zamani uliokatwa vizuri na uutunze kama kipimo.

Baada ya hapo, chomeka ncha chini ya ubapa wa springi wa spuli. Ukingo wake ukae sambamba na ukingo wa spuli, maana filamu iliyoanza upogo itaendelea upogo. Shusha kaseti na spuli kwa mkupuo mmoja. Sasa, kifuniko kikiwa bado wazi, zungusha kidogo uone meno yameshika. Hatua hii watu huiruka kwa haraka zao, na ndiyo hasa inayookoa filamu.

Kuna wanaotumia njia nyingine badala ya kukata. Ya kwanza: teremsha kadi nyembamba ya plastiki mferejini, filamu iteleze kwenye kadi, kisha uichomoe. Ya pili: toa lenzi, weka shata kwenye T, au B (katika Leica za zamani ni Z) huku ukishikilia kibonyezo, halafu uielekeze filamu kwa kidole kupitia dirishani. Zote mbili zinafanya kazi. Ila mapazia yale ni kitambaa chenye mpira, cha umri wa babu, na kidole chenye kucha kikiteleza humo hasara yake inapita bei ya mkasi mara nyingi. Kadi ninaweza kuivumilia. Kidole, hapana.

Kuna kasoro moja ndogo inayowashangaza wengi: picha zimetoka, lakini safu ya matundu imeingia chini ya picha na kula miguu ya watu. Shata haina hitilafu. Filamu haikuteremka hadi mwisho. Taswira hukaa kichwa chini ndani ya kamera, kwa hiyo filamu iliyobaki karibu na kifuniko huleta matundu yake kwenye sehemu ya chini ya picha. Bonyeza ukingo wake kwa upole kabla ya kufunga.

Ukishafunga, geuza kifundo cha kurudishia filamu kwa mwelekeo wa mshale mpaka kigome; hapo umeondoa ulegevu. Kisha vuta mbele picha moja ukikitazama. Kikizunguka kinyume cha mshale, filamu inatembea. Kikitulia, simamisha kila kitu, fungua, anza upya. Bila kuondoa ulegevu kwanza, kifundo kinaweza kutulia hata kama mambo ni mazuri, na utakuwa umefungua kamera bure. Filamu ikishaonekana inatembea, vuta picha mbili za kupoteza, rudisha kihesabio kwenye sifuri, na uendelee.

Leitz wenyewe hatimaye walilegeza kamba. M3 ya 1954 ilitoka na kijimlango kinachofunguka mgongoni, ukaweza kupenyeza kidole na kuona meno. Lakini kifuniko cha chini hawakukiacha, na M6 iliyorudishwa sokoni mwaka 2022 bado unaivua chini kama babu zake.

Jambo la mwisho ni kile kishikio kidogo cha kugeuza kilichopo karibu na kibonyezo, chenye herufi A na R kwenye Leica. R ni ya kurudisha filamu. Ukimaliza kurudisha na kukisahau hapo, filamu inayofuata haitasogea inavyotakiwa hata ukiikata ulimi kwa rula. Meno yatakuwa huru na shata haitajikaza. Kabla hujashika mkasi, kitazame hicho kwanza.